Hakuna Wino, Hakuna Kiti

Ma Idalia Prosper alizaliwa Mwekundu, akabatizwa Mwekundu, na mumewe alizikwa na tai nyekundu shingoni, ingawa marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa siasa, alikuwa mtu wa domino. Pale kijijini Fond Sirop, penye vyama viwili tu, Wekundu na Buluu, hakuna asiyelijua hilo. Kwa miaka arobaini na moja hakukosa uchaguzi hata mmoja. Alipiga kura akiwa na mimba ya miezi tisa. Alipiga kura mwaka ambao kimbunga kiling'oa paa la shule na sanduku likawekwa chini ya mwavuli. Na mwaka ule mgombea wa Buluu alipopita nyumba kwa nyumba akiwashika watu mikono, Ma Idalia alimmwagia maji ya kuoshea samaki, kisha akawaomba radhi samaki.

Sasa wewe fikiria Garnet Toulon alivyoshtuka. Garnet alikuwa wakala wa Buluu kijijini, na duka lake la ramu ndilo lililokuwa ofisi ya chama. Siku moja ya Oktoba, Bunge likiwa limevunjwa juzi tu, Ma Idalia akaingia mle dukani, akavuta kiti, akakaa chini ya picha kubwa ya kiongozi wa Buluu na kuagiza soda.

"Ma Idalia, umepotea njia?"

"Nasikia mnaleta watu kwa ndege."

"Nani kasema?"

"Garnet, usinichoshe. Mama yako Eloise nilimshika mkono siku anakuzaa, na alipiga kelele kuliko wewe unavyopiga jukwaani. Mnaleta watu, hamleti?"

Walikuwa wanaleta. Vyama vyote viwili vilikuwa vinaleta, kila uchaguzi, na kila kimoja kililaani tabia hiyo redioni asubuhi na kusaini mkataba wa ndege mchana. Watu wa kisiwa chetu wengi wanaishi kwingine, na kura zao zinaishi huku. Ila mwaka huo Wekundu walikuwa wamefulia vibaya. Walichoweza kukodi ni boti moja ya kwenda Guadeloupe, na boti haifiki Boston.

"Mwanangu Varis yuko Boston," alisema Ma Idalia. "Mwandike."

Garnet alicheka mpaka akashika kaunta. "Varis? Mtoto wa nyumba ile? Ma Idalia, ile nyumba hata kuku wake ni Wekundu!"

"Varis ni Buluu. Tangu mchanga. Ukimvalisha kitu chekundu alikuwa anatoka vipele."

"Na jina lake bado limo katika daftari la wapiga kura?"

Limo. Ma Idalia alikuwa amelilinda hilo jina kwa miaka kumi na sita. Kila ofisa wa daftari alipopanda kilima kuuliza Evariste Prosper yuko wapi, yeye alijibu, "Ametoka kidogo." Alisema hivyo mwaka wa kwanza, akasema hivyo mwaka wa kumi na sita, uso mkavu kabisa, na kitanda cha Varis kimetandikwa ili ofisa akitaka kuchungulia achungulie.

"Mimi ndiye niliyempinga mara mbili," alisema Garnet. "Nilisimama mbele ya ofisa nikasema huyu hayupo nchini."

"Basi safari hii utasema yupo. Na hutakuwa mwongo, maana utakuwa umemleta mwenyewe."

Garnet hakuwa mjinga. Ila uchaguzi uliopita Buluu walishindwa Fond Sirop kwa kura kumi na tisa, na mtu aliyeshindwa kwa kura kumi na tisa hata shetani akimletea kura atamwandikia risiti. Akafungua daftari lake. Alitaka kitu kimoja tu: bendera ya Buluu itundikwe kwenye nyumba ya Ma Idalia mpaka siku ya kura, kijiji kione. Ma Idalia akakubali papo hapo. Aliitundika nyuma, upande wa banda la kuku, na kuku wakaiona.

Tusidanganyane. Hakufanya hivyo kwa ujanja wa siasa. Alimtaka mwanawe, basi. Varis aliondoka akiwa na miaka ishirini na minne. Miaka ya kwanza hakuwa na makaratasi, akitoka hawezi kurudi kule. Alipopata makaratasi hakuwa na nauli. Alipopata nauli alipata mtoto, na nauli ikaliwa. Kila Krismasi alituma pipa limejaa mchele, sabuni na soksi, na Ma Idalia alilipokea bandarini huku akinung'unika, kwamba yeye hakuzaa pipa.

Ndege ya Buluu ilitua Jumamosi moja ya Desemba, kura ilikuwa Jumatatu. Ma Idalia alisimama uwanjani tangu asubuhi na gauni la kanisani. Watu wakashuka, ngoma zikapigwa, na katikati yao akatokea mwanamume mwenye kitambi na upara anayetazama huku na huku. Alimpeleka kijana mwenye nywele, akarudishiwa huyu. Alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akayaminya kama embe la sokoni.

"Mama," alisema Varis, "unaniumiza."

"Nyamaza," alisema Ma Idalia. "Kwanza umekonda."

Hakupewa nafasi hata ya kumlisha. Buluu walimlipia kiti na walitaka thamani ya kiti chao. Jumapili nzima Varis alizungushwa juu ya lori, amevalishwa fulana na kofia ya buluu, akipunga mkono kwa vijiji ambavyo hata hakuvikumbuka, nyuma ya mgombea wao Daktari Valmond, daktari wa meno, aliyekuwa akiahidi barabara huku akikagua meno ya watu. Jioni Garnet akawakusanya abiria wake wote uani mwa duka, akapanda juu ya kreti.

"Sikilizeni vizuri! Mwaka ule tulileta watu, wakala mbuzi wetu, wakanywa ramu yetu, wakaenda pwani kuogelea siku ya kura. Safari hii hakuna mchezo. Ndege inaondoka Jumanne saa nne asubuhi. Mimi nitasimama mlangoni. Kidole kina wino, unapanda. Hakuna wino, hakuna kiti. Kidole kisafi, ogelea mpaka Boston!"

Watu wakacheka. Ma Idalia, aliyekuwa amesimama nje ya ua na sahani ya Varis imefunikwa kwa kitambaa, hakucheka. Alirudi kilimani akitembea kama msichana.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Varis asipopiga kura, hana kiti. Bila kiti, hana njia, maana Desemba ndege zote zimejaa mpaka katikati ya Januari. Akikaa mwezi atakula akashiba, akishiba atakumbuka kwao ni wapi, na akikumbuka basi. Kazi atapata. Varis alikuwa fundi wa lifti, na kisiwa kizima kina lifti mbili, moja mbovu tangu malkia alipokuja kutembea. Kuhusu yule mtoto wa Boston, msichana wa miaka minane, Ma Idalia aliona hayo ni mambo ya huko. Picha zake alikuwa nazo. Alipoambiwa kuwa mtoto amepewa jina lake, Idalia, alisema hiyo ni hongo ya kutokuja, akakataa kuzungumza naye kwenye simu, eti simu ni mdudu, na yeye haongei na mdudu.

Jumatatu Varis aliamka saa mbili, akakuta meza imejaa. Samaki wa chumvi na pilipili, maandazi ya moto, shelisheli la kuchoma, parachichi, chai ya kakao bakuli zima.

"Mama, nani mwingine anakuja?"

"Kula."

Alikula. Alipotaka kusimama aliongezwa. Alipomaliza, alirudi chumbani kuvaa, kisha akatokea mlangoni na taulo kiunoni.

"Mama, suruali zangu ziko wapi?"

"Nimefua."

"Zote?"

"Zilikuwa zinanuka ndege."

Suruali nne zilikuwa kwenye kamba, zinachuruzika. Ma Idalia alizifua alfajiri, akazisuuza mara tatu, na kila jua lilipopata nguvu alikwenda kuzinyunyizia maji akisema doa halijatoka.

"Nitaendaje kupiga kura sasa, Mama?"

"Kura inafungwa saa kumi na moja. Unakimbilia wapi? Foleni asubuhi ni ya wazee wenye vibofu vibaya. Njoo unitazamie paa, linavuja juu ya kitanda changu. Kumi na sita! Miaka kumi na sita nalala na ndoo."

Utamkatalia mama yako hapo? Varis akapanda juu ya paa na taulo, upepo ukimdhalilisha, na majirani waliokuwa wakienda kupiga kura walipata cha kutazama.

Saa tano gari la Wekundu likasimama barabarani, likipiga honi. Ndani alikuwa Hesketh, binamu yake Ma Idalia na wakala wa Wekundu, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya watu watatu.

"Ma Idalia! Twende! Kila mwaka wewe ni wa kwanza, leo wapi? Watu wanaulizana kama umekufa!"

"Siwezi kutoka. Nachunga."

"Unachunga nini?"

Ma Idalia akaelekeza kidevu juu ya paa. Hesketh akatazama ile taulo. Akazitazama suruali kwenye kamba. Taratibu, uso wake ukafunguka.

"Mama yangu," alinong'ona, na kunong'ona kwa Hesketh kulisikika mpaka kanisani. "Unaizuia kura ya Buluu! Kwa suruali! Jamani, tungekuwa na wanawake kumi kama wewe tungetawala mpaka Yesu arudi."

"Ondoka, Hesketh."

"Mshikilie hapo hapo! Saa kumi na nusu nitakuja mwenyewe nikuchukue ukapige yako. Jemadari wewe!"

Akaondoka akipiga honi ya ushindi. Ma Idalia alibaki anatazama vumbi, amekasirika. Ilimuudhi kusifiwa kwa jambo hilo. Maishani mwake hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya uchaguzi ambayo hakukifikiria chama hata mara moja, na hakuona vizuri kumweleza Hesketh, wala mtu mwingine yeyote.

Saa saba alimteremsha fundi wake, akamwekea mchuzi wa mbuzi na magimbi, na pembeni ramu ya marehemu babake, ile iliyolowekwa mizizi, ambayo glasi moja inamtosha mvuvi na mbili zinamtosha farasi. Varis alikunywa mbili kwa heshima ya babake. Akasema atajilaza kidogo suruali zikikauka. Saa nane alikuwa anakoroma.

Hapo ndipo Garnet alipofika, ametokwa jasho, orodha mkononi.

"Varis yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," alisema Ma Idalia.

Garnet aliikunja orodha. "Ma Idalia. Mimi ni mtoto wa Eloise, si mtoto wa mbuzi."

"Kamtafute kituoni. Ukiendelea kusimama hapa wengine watakutoroka kwenda pwani."

Hilo lilimuuma, maana lilikuwa kweli. Tayari sita walikuwa pwani. Akaondoka mbio. Ma Idalia akaingia ndani, akaichukua simu ya Varis pale kitandani, akaifukia ndani ya kopo la unga, akafunga kifuniko, akapita kambani kuzilowesha suruali upya. Kisha akavuta kiti akakaa mlangoni mwa chumba, anamtazama mwanawe akilala. Mguu mmoja nje ya shuka, vilevile kama zamani. Alikaa hapo saa mbili nzima na hakuna kilichomchosha.

Saa kumi na dakika ishirini kopo la unga likaanza kutetemeka.

Aliliacha. Likanyamaza. Likaanza tena, safari hii kwa nguvu, kifuniko kikigonga. Ma Idalia aliogopa Varis asiamke, akafungua, akaichomoa simu nyeupe pe, akabonyeza kile alichoona kinabonyezeka ili ikome. Haikukoma. Ikaongea.

"Baba?"

"Baba yako amelala," alinong'ona Ma Idalia.

"Wewe nani?"

"We mtoto! Mtu mzima haulizwi 'wewe nani'. Unaanza na salamu."

"Habari za mchana. Wewe nani?"

"Mimi bibi yako."

"Yule anayesema simu ni mdudu?"

"Ndiye huyo."

"Mimi Idalia. Bibi, mwamshe Baba. Alisema akishapaka wino atanipigia, na hajapiga. Kwenu sasa ni saa kumi na dakika ishirini na mbili. Mnafunga saa kumi na moja. Nimeangalia."

"Amechoka. Katoka mbali."

"Najua katoka mbali, katoka hapa. Mwamshe. Bila wino yule bwana hampandishi ndege."

"Atakuja kwa ndege nyingine."

"Nyingine ni tarehe kumi na nane Januari, niliangalia hiyo pia. Nimelala kwa jirani yetu Bibi Kowalski siku tatu, ana paka wanne, mmoja analala usoni kwangu. Nilimwambia Baba siku tatu naweza. Zaidi ya hapo sikumwambia naweza. Mama yangu simjui aliko, Bibi. Mimi nina Baba tu. Mwamshe."

Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, maana watoto wanaolia Ma Idalia aliwajua, unawapa kipande cha muwa. Huyu alikuwa anatoa amri. Na sauti ile ya amri, jamani, kila neno limewekwa mahali pake na hakuna nafasi ya kupita, Ma Idalia aliijua vizuri sana, maana ndiyo aliyowaendeshea watu wa Fond Sirop miaka yote. Mimi nina Baba tu. Alisimama na simu mkononi, unga mpaka kiwikoni, akajiona mwizi. Hakujiona mwizi wa kura, hilo lisingemkosesha usingizi. Alijiona ameiba mtu wa mtoto.

"Bibi? Upo?"

"Nipo."

"Na wewe umeshapiga kura?"

"Bado."

"Karibu saa kumi na nusu na hujapiga? Bibi!"

"Usinifokee."

"Basi kimbia!"

Ma Idalia akachota maji ya ile ndoo ya paa, akaingia chumbani kwa mwanawe, akammwagia usoni. Varis akaruka.

"Amka! Vaa! Nilikuficha, nilikudanganya, suruali hazikuwa na harufu ya kitu chochote, nitaomba msamaha njiani. Vaa!"

"Mama, nini..."

"Mtoto wako amepiga simu. Vaa!"

Varis aliivuta suruali kwenye kamba ikiwa imelowa chapachapa, akaivaa vivyo hivyo, wakateremka kilima. Gari la Hesketh halikuonekana. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba Hesketh alianza kusherehekea ushindi wa suruali tangu saa saba mchana. Wakakimbia. Mama wa miaka sitini na saba na gauni la nyumbani, nyuma yake mwanamume mzima viatu vinabubujika maji, na yeye akigeuka kila hatua kumi kumsomea dhambi zake kwa sauti.

"Nilisema umekonda, hujakonda! Umenenepa! Ndiyo maana hukimbii!"

"Mama, pumua!"

"Nitapumua kesho!"

Shuleni foleni ilikuwa bado imetoka nje ya geti, watu kama thelathini. Sheria ni kwamba saa kumi na moja ikigonga, askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho, na yeyote atakayefika baada ya hapo aende nyumbani akasikilize redio. Askari alikuwa ameshaanza kutembea. Ma Idalia alikuwa mbele ya Varis kwa hatua mbili. Angeweza kuingia yeye. Kengele ya shule ikaanza kugonga, naye akasimama ghafla, akamshika mwanawe mkanda wa suruali, akamsukuma mbele yake kwa nguvu zake zote. Varis akajikwaa, akaangukia mgongoni mwa mtu wa mwisho. Mkono wa askari ukashuka nyuma yake.

"Huyu wa mwisho."

"Na mimi," alisema Ma Idalia, anahema.

"Saa kumi na moja imetimia, Ma Idalia."

"Niko hapa! Miguu yangu si unaiona?"

"Naiona. Iko nyuma yangu." Yule askari alikuwa na haya, alikuwa mtoto wa kijijini. "Nisamehe, Mama. Hata angekuwa Waziri Mkuu."

Ukutani alikuwepo Hesketh, kofia yake nyekundu ameivua kwa sababu sheria inakataza rangi za vyama kituoni, macho mekundu badala yake. Aliona yote. Akaja anayumba.

"Umemleta! Umemleta kwa mikono yako! Kura ya Buluu! Na yako je? Ma Idalia, yako je?"

"Nimekosa."

"Miaka arobaini na moja!" Hesketh alikuwa karibu kulia. "Umetuuza!"

"Hesketh, nenda kalale."

Alikaa juu ya ukuta wa shule peke yake. Watu walipita wakimtazama, na hakuna aliyethubutu kusema kitu, na hilo nalo lilimkera. Baada ya nusu saa Varis akatoka, kidole cheusi mpaka kwenye kifundo. Akakaa kando yake. Suruali ikaacha alama ya maji ukutani.

"Mama, nionyeshe kidole chako."

"Kina nini kidole changu?" Mkono ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni.

"Nionyeshe."

Akaonyesha. Kisafi, chenye unga. Varis alikishika, akakaa nacho.

"Nilitaka ukae," alisema Ma Idalia. "Ndiyo hivyo. Nilitaka ukae na sikuwa na njia nyingine, nikatumia suruali. Kumi na sita, Varis. Nimewaambia maofisa umetoka kidogo mpaka na mimi nikaanza kuamini."

"Ningekuja, Mama. Nauli..."

"Usinitajie nauli. Nampenda nani hapa, nauli?" Akafuta pua na aproni. "Yule mtoto ana kichwa kigumu."

"Sana."

"Asante Mungu."

Jumanne saa nne Garnet alisimama mlangoni pa uwanja wa ndege akikagua vidole, mchangamfu kupita kiasi, maana Daktari Valmond alishinda Fond Sirop kwa kura mia nne na kumi na mbili. Kura ya Varis haikuhitajika. Ya Ma Idalia nayo isingesaidia hata angepiga pamoja na wafu wote wa makaburini, ambao wengi wao walikuwa Wekundu. Varis alimkumbatia mama yake muda mrefu, akaonyesha kidole, akapita. Ma Idalia alisimama kwenye uzio mpaka ndege ikawa haionekani, kisha akabaki hapo hapo. Hakulia mbele ya Garnet. Alilia ndani ya basi la kurudi, kwa sauti, na abiria wakadhani ni kwa sababu ya matokeo, wakamfariji kwamba miaka mitano si mingi.

Miaka mitano. Alifika nyumbani na neno hilo kichwani. Akawasha redio. Redio ikasema Buluu wamepata viti vinane nchi nzima, Wekundu saba. Waziri Mkuu mpya anaunda serikali kwa kiti kimoja cha ziada. Ma Idalia akazima. Akawasha tena, akasikiliza mara ya pili kwa makini. Nane kwa saba. Mtu mmoja tu wa upande ule akinuna na kuvuka, serikali chini, Bunge linavunjwa, kura upya. Na ndege upya.

Jumapili iliyofuata Padri alimkuta mbele ya Bikira Maria anawasha mshumaa.

"Unawaombea akina nani, Ma Idalia? Marehemu?"

"Bunge."

Padri akafurahi. "Vizuri sana. Ushindani umekwisha, tuombe maelewano."

"Hapana, Padri. Ugomvi."

Wiki hiyo hiyo baraza la mawaziri likatangazwa. Daktari Valmond, aliyekuwa ameshashonesha suti ya Waziri wa Afya, alipewa Uvuvi. Jioni simu ikalia. Ma Idalia alikuwa amenunuliwa mdudu wake mwenyewe, na sasa alimjibu kabla hajalia mara mbili.

"Bibi, Baba anasema anataka kuja tena na mimi. Lini?"

"Nashughulikia," alisema Ma Idalia.

Kesho yake akavaa gauni la kanisani, akashuka mjini, akaketi kwenye kiti cha meno cha Daktari Valmond, akafungua kinywa chenye meno yote mazima. Daktari alipoinama kutazama, akamshika mkono.

"Mheshimiwa, uongo mbaya," alisema. "Mtu msomi kama wewe, wamekupa samaki?"